Kilwa: Kusimama na Kuanguka kwa Dola ya Bahari

Wasimulizi wengi wa taarikh ya pwani yetu, wanapofika Kilwa, huiharakia siku ya tarehe 24 Julai 1505, ambapo askari wa Kireno chini ya amri ya Francisco de Almeida waliteremka kisiwani, wakauingia mji kwa muda mfupi, wakazipora nyumba zake na kumtawaza mtawala waliomtaka wao. Na wakiisha kuisimulia siku hiyo hufunga kitabu, kana kwamba hakuna zaidi linalostahili kuulizwa. Walakini dola iliyodumu karne kadhaa haivunjiki kwa asubuhi moja, na mji wenye nguvu timamu hautekwi kwa urahisi wa namna ile. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha ya kwamba Kilwa ilisimama kwa mapatano: mapatano baina ya wenyeji na wageni, baina ya pwani na bara, na baina ya wenye kiti na wenye mali, na ya kwamba mapatano hayo yalikwisha kuvunjwa na watu wa mji wenyewe, ndani ya majumba yao wenyewe, kabla ya tanga la kwanza la Kireno kuonekana upeoni.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Kisiwa cha Kilwa kipo kusini mwa pwani ya Tanzania, kiasi cha kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, nacho kimelala ndani ya ghuba yenye kina, bandari yake ikiwa imekingwa na machafuko ya bahari kuu. Majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yaliletwa na pepo za kaskazi, zivumazo tangu Desemba hata Machi, yakarudishwa na kusi. Na nahodha aliyetoka kaskazini aliweza kufika Kilwa, kuuza na kununua, kisha kurejea kwao katika msimu mmoja. Lakini akitaka kuendelea hata Sofala, iliyo mbali kusini katika nchi iitwayo sasa Msumbiji, aghalabu upepo ulimwishia njiani, akalazimika kukaa ugenini akingoja msimu wa pili, na gharama zake zikala faida yake. Kwa sababu hiyo mfanya biashara wa mbali aliona ni kheri kununua dhahabu ya Sofala pale Kilwa, kutoka kwa watu waliozijua pepo za kusini na kuwa na vyombo vyao wenyewe vya kwenda na kurudi. Huo ndio msingi wa utajiri wa Kilwa, na ni vyema msomaji aukumbuke tangu sasa: dhahabu haikuchimbwa kisiwani, ilipita kisiwani.

Mintarafu ya asili ya watu wake, wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi kisiwani katika miaka ya 1960, wakiongozwa na Neville Chittick, walikuta chini ya misingi ya mawe masalio ya makazi ya kale zaidi, ya nyumba za miti na udongo, ya watu waliovua samaki, wakafua chuma na kufinyanga vyungu vyao, karne nyingi kabla ya majumba ya kifalme. Mji, basi, haukuletwa tayari ndani ya merikebu za kigeni. Ulikua juu ya ardhi yake. Nacho kitabu cha taarikh ya Kilwa kiitwacho Kitab al-Sulwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, chaeleza ya kwamba Ali bin al-Hasan, mtoto wa mfalme wa Shiraz, alikinunua kisiwa kwa mwenyewe, mtu wa nchi, kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka kisiwa chote. Iwapo mauzo hayo yalikuwa hivyo hasa au sivyo, kwangu si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba watu wa Kilwa, walipotaka kueleza haki ya watawala wao ilitoka wapi, hawakusimulia vita wala ushindi. Walisimulia bei iliyokubaliwa na pande mbili. Mji uliojieleza hivyo uliijua siri ya maisha yake.

Biashara ya Sofala, kwa habari alizoziandika Mreno João de Barros, ilikuwa kwanza mikononi mwa watu wa Mogadishu, kisha watu wa Kilwa wakaitwaa. Dhahabu ilipatikana katika nyanda za juu zilizo baina ya mito Zambezi na Limpopo, ambako wenyeji waliichimba miambani na kuichekecha katika mchanga wa mito. Ikachukuliwa na wapagazi hata Sofala, na kutoka hapo ikapanda vyombo vya kuelekea Kilwa, pamoja na pembe za ndovu. Nguo za Bara Hindi, shanga, vyombo vya Kiajemi vilivyopakwa rangi ya kung'aa na kauri za China zikaishika njia ile ile kwa mwendo wa kurudi, mpaka zikafika katika majumba ya mawe ya Zimbabwe Kuu. Huko ndiko ilikookotwa sarafu ya shaba yenye jina la Sultan al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ushahidi mdogo kwa umbo na mkubwa kwa maana, ya kwamba dola mbili, moja ya bara na moja ya bahari, zilitegemeana ingawa watawala wake yamkini hawakuonana uso kwa uso. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe, upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, yakioana kwa vina. Na baadhi ya sarafu hizo, katika mwaka 1944, ziliokotwa katika visiwa vya kaskazini ya Australia, mbali sana na mahali zilikofuliwa.

Kilele cha enzi ya Kilwa kilikuwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, chini ya ukoo wa Mahdali, masharifu wenye nasaba ya Yemeni, waliokitwaa kiti baada ya Washirazi. Kitab al-Sulwa chasimulia ya kwamba al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, alikuwa safarini kwa ajili ya hija wakati kiti kilipokuwa wazi, na kwamba nduguye Daud alikikalia kwa niaba yake miaka miwili, kisha, msafiri aliporudi, akamkabidhi. Hebu tulizingatie tendo hilo. Mtu ameketi juu ya kiti cha mji tajiri, ufunguo wa hazina u mikononi mwake, mwenye haki yuko ng'ambo ya bahari; naye, badala ya kukusanya askari, anangoja. Katika matukio yote ya taarikh ya Kilwa, mimi silioni lililo kubwa kuliko hilo, wala majumba hayalishindi.

Na majumba yalikuwa makubwa. Juu ya genge linalotazama bahari Abu al-Mawahib alijenga Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia, nyua za mikutano, maghala ya bidhaa na birika la kuogea lenye pande nane. Msikiti Mkuu, uliokuwa wa kiasi tangu karne zilizotangulia, ukaongezwa upande wa kusini kwa matao na makuba. Mafundi waliyakata matumbawe kutoka baharini yangali laini, wakayachonga, wakayaacha yakauke na kuwa magumu. Wakachoma mawe kupata chokaa, na mapaa wakayategemeza kwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopima upana wa chumba. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 akitokea Mombasa, aliuhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kabisa na iliyojengwa kwa ustadi. Akawataja watu wake kuwa ni weusi, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, washika dini. Akamsifu sultani kwa ukarimu na unyenyekevu, kwani fakiri wa Kiyemeni alipomwomba nguo alizozivaa, alizivua akampa. Juu ya Daud, aliyetawala baada ya nduguye, msafiri huyo aliandika maneno ya lawama, kwa kuwa alikuwa mgumu wa mkono kwa wenye kuomba. Lakini mtu aliyewahi kurudisha kiti kwa mwenyewe, hata akiwa bahili, ameufaa mji wake kwa namna ambayo zawadi haziwezi kuufaa.

Hapana budi kukiri ya kwamba hata katika kilele hicho palikuwa na dalili za uchovu. Husuni Kubwa haikukaliwa kwa muda mrefu, na sehemu zake nyingine hazikumalizwa. Sehemu kubwa ya Msikiti Mkuu ilianguka, na kwa miaka mingi haikuinuliwa, mpaka zama za Sultan Sulaiman bin Muhammad katika karne ya 15. Kuinuliwa kwake tena, kwa makuba yanayosimama baadhi yake hata leo, kwathibitisha kwamba mali ilikuwapo bado na ufundi ulikuwapo bado. Kilichokuwa kinapungua ni kitu kingine.

Katika karne hiyo ya 15 mamlaka yaliwatoka masultani polepole, yakawaendea mawaziri na maamiri, ambao walimkalisha kitini huyu na kumshusha yule kwa kadiri ya maslahi yao, hata kiti chenyewe kikawa ni jina tu. Mwishoni mwa karne, Amiri Ibrahim alikuwa ndiye mtawala wa kweli. Na kwa habari za Wareno aliupata utawala kwa kumwua Sultan al-Fudail. Mtu aliyepata mji kwa njia hiyo hana wa kumwamini, kwa kuwa kila mwenye nasaba bora kuliko yake ni hatari kwake, na kila mwenye mali ni mshirika wa adui atakayezuka. Wakati huo huo Sofala, iliyokuwa chini ya Kilwa, ilikwisha kujitawala kwa hakika chini ya Shehe Yusuf, na bandari kama Angoche zikawa zinafungua njia nyingine za kuendea dhahabu bila ya kupitia Kilwa wala kulipa ushuru wake. Tazama basi: mji ulioishi kwa kuaminiwa na wote ulikuwa umekosa kuaminiana ndani, na waliokuwa wakiutegemea nje wakaanza kujitafutia njia.

Hali ilikuwa hiyo Wareno walipofika mwaka 1500, wakarudi mwaka 1502 pamoja na Vasco da Gama kudai kodi kwa vitisho vya mizinga. Simulizi zao zaeleza kuwa Ibrahim alimtoa Muhammad bin Rukn al-Din, mmoja wa matajiri wa mji, awe dhamana ya kodi hiyo, kisha akamwacha mikononi mwa wageni, hata tajiri yule akalazimika kujikomboa kwa mali yake. Sultani mwenye kiti halali asingethubutu kumwuza mkubwa wa mji wake namna hiyo. Na mkubwa wa mji aliyeuzwa hakuwa na sababu ya kupigana. Almeida alipokuja mwaka 1505, Ibrahim alikimbia, na ni Muhammad huyo huyo aliyetawazwa na Wareno, akauawa mwaka uliofuata. Wareno walijenga ngome, wakakaa wakingoja dhahabu. Na dhahabu haikuja, kwa sababu wafanya biashara walikwisha kutawanyika, na mapatano yaliyokuwa yakiileta hayakuwa na mtu wa kuyalinda. Mwaka 1512 wakaondoka, na Ibrahim akarudi juu ya mji uliokuwa umebaki nusu.

Karne ya 18 iliiletea Kilwa mali kwa mara ya pili, nami siwezi kuiita neema. Wafaransa waliokuwa na mashamba katika visiwa vya Morisi na Réunion walitaka watumwa, na mwaka 1776 mfanya biashara Jean-Vincent Morice aliafikiana na sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kila mwaka. Mji uliokuwa ukipokea dhahabu ya bara kwa bei ya kukubaliana sasa ukawapokea watu wa bara wenyewe, wamefungwa minyororo. Kutoka katika fedha hiyo yalitengenezwa majumba ya Makutani, ambayo kuta zake zasimama. Lakini tendo hili liliukata uhusiano wa pwani na bara, ambao ndio uliokuwa asili ya mji, likaacha badala yake hofu na chuki ambayo vizazi vya baadaye vimeirithi. Dola ya Omani ikashika nchi, biashara ikahamia mji wa Kilwa Kivinje ulio barani, na sultani wa mwisho, katika miaka ya 1840, akapelekwa Maskati.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na inafaa yatunzwe kwa kila juhudi. Lakini mwenye kuyatembelea akiona mawe tu na kulaumu mizinga tu hajafaidika. Mizinga ilikuwapo, na dhuluma ya Wareno haina utetezi. Ila mizinga hiyo hiyo ingekuta mbele yake mji wa Abu al-Mawahib na Daud, ingekuta watu wenye mtu mmoja wa kumtii na sababu moja ya kusimama pamoja. Kwa hiyo anayetaka kujua taifa lolote limefika wapi katika umri wake asianze kwa kuhesabu silaha za maadui zake, bali aulize: je, aliyeshika madaraka kwa niaba ya mwingine huyarudisha muda wake ukifika? Je, anayeleta mali kutoka mbali hulipwa bei aliyoikubali? Kilwa ilisimama kwa muda wote iliposema ndiyo kwa maswali hayo mawili, na ilipoacha kusema ndiyo, ilikuwa imekwisha kuanguka, hata kama kuta zake zilikuwa nyeupe bado.