Kupasha Misuli na Matarajio katika Michezo ya Wanawake

Kupasha misuli ni mazoezi mepesi ya kuuchangamsha mwili kabla ya mchezo. Matarajio ni yale mchezaji anayoamini kwamba atayaweza uwanjani. Katika Wilaya ya Kibiti na delta ya Rufiji, kama kwingineko Tanzania, msichana hukutana na yote mawili kwenye mchakamchaka, mbio za asubuhi shuleni zinazokwenda kwa nyimbo za kuitikiana. Miguu hupata joto, na sauti za wenzake humwambia kwamba naye yumo.

Msuli wenye joto hujikunja na kukunjuka upesi. Dakika 10 hadi 20 za kukimbia polepole, kuruka na kugeuka hutosha. Kuuvuta msuli na kuushikilia zaidi ya dakika moja hupunguza kidogo nguvu ya kuruka. Jua la Pwani husaidia kuipasha misuli joto, hivyo ni heri kipindi kifupi kivulini kuliko kirefu kinachowamalizia wachezaji maji mwilini. Hata hivyo, jua halitoshi kwa timu ya netiboli iliyotoka Mbwera au Kiongoroni kwa boti: miguu iliyokaa safari nzima haina budi kuamshwa.

Faida kubwa zaidi kwa wanawake iko kwenye goti, kwa kuwa kano yake ya mbele hukatika kwao mara nyingi kuliko kwa wanaume. Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wasichana wanasoka wa miaka 12 hadi 17 ulionyesha kwamba mazoezi ya kupasha misuli ya dakika 15, mara mbili kwa juma, yalipunguza majeraha hayo kwa asilimia 64.

Matarajio nayo yana uzito unaopimika. Mwaka 2008, watafiti wa Ufaransa waliwapima wanasoka wa kike katika kukokota mpira. Walioambiwa kwamba kinachopimwa ni uwezo wa kimaumbile, jambo ambalo husemwa kwamba wanawake wako duni kwalo, walichukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mwalimu anayewaita wasichana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, “wasindikizaji” anawapunguzia kasi kabla ya filimbi. Hirizi na maji ya dua huweza kumtuliza mwenye kuviamini, lakini haviimarishi kano. Kinacholilinda goti ni zoezi la kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa; linahitaji kurudiwa kila juma, na uwanja wa mchanga wa shule unatosha.