Marekani na kloni za binadamu: sheria iliyofichwa ndani ya bajeti

Leo naacha mambo ya programu kidogo. Wengi hudhani Marekani ilipiga marufuku kukloni binadamu. La hasha! Hakuna sheria ya serikali kuu ya nchi hiyo iliyowahi kupita kukataza kitendo chenyewe. Kilichozuiwa ni pesa.

Kizuizi chenyewe kinaitwa Dickey-Wicker, kwa majina ya wabunge wawili, Jay Dickey na Roger Wicker. Rais Bill Clinton alikitia sahihi Januari 1996. Si sheria inayosimama peke yake, ni maneno machache yaliyochomekwa ndani ya bajeti: pesa za Wizara ya Afya zisitumike kuunda viinitete vya binadamu kwa ajili ya utafiti, wala katika utafiti unaoviharibu. Bajeti ikiisha, kifungu nacho kinaisha, kwa hivyo Bunge limekuwa likikirudisha mwaka baada ya mwaka. Sisi tunaoandika programu tunaijua tabia hii. Mtu anaweka kiraka cha muda, halafu kila toleo jipya kinanakiliwa tu kwa sababu hakuna anayethubutu kukifuta.

Februari 1997, Taasisi ya Roslin kule Scotland ikamtangaza Dolly, kondoo aliyetokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima. Dunia ikashtuka. Tarehe 4 Machi, hata wiki mbili hazijaisha, Clinton akaagiza pesa za serikali kuu zisitumike kukloni binadamu. Maabara za kibinafsi je? Hizo aliziomba zijizuie kwa hiari. Aliziomba tu! Baadaye neno "kloni" likaongezwa ndani ya kile kifungu.

Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa marufuku kamili mwaka 2001, na tena 2003. Seneti haikuupitisha. Kukloni ili mtoto azaliwe, karibu wote walikataa. Kukloni ili kupata seli shina za tiba, hapo wakavutana, na kwa kushindwa kuelewana juu ya hili la pili, lile la kwanza nalo likabaki bila sheria.

Wenye pesa zao hawakungoja. Novemba 2001 kampuni ya Advanced Cell Technology ya Massachusetts ilitangaza kuwa imekloni kiinitete cha binadamu. Kilichofika mbali zaidi kilikuwa na seli sita tu. Desemba 2002 kampuni ya Clonaid, ya wafuasi wa dini ya Raël, ikadai mtoto wa kloni amezaliwa. Ushahidi haukuletwa hadi leo.

Uingereza ilipita njia nyingine. Mwaka 2001 ilifanya kupandikiza kiinitete cha kloni katika tumbo la uzazi kuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka 10. Lakini utafiti ukaruhusiwa kwa leseni, na wanasayansi wa Newcastle wakapewa yao mwaka 2004. Kwangu hii ni akili zaidi: anayetoa leseni ana haki ya kubisha hodi maabara na kuuliza maswali.

Marekani haikujipa haki hiyo. Mwaka 2013, Shoukhrat Mitalipov na wenzake huko Oregon walipofaulu kupata seli shina kutoka kwa viinitete vya kloni vya binadamu, kazi hiyo ilifanyika katika maabara iliyotengwa, isiyoguswa na senti moja ya serikali kuu.