Kazimoto wa Wawi

Kichwamaji niliisoma mara ya kwanza nikiwa na miaka 17, nyumbani Wawi, katika nakala isiyo na jalada niliyoazimwa na mwalimu. Niliimaliza kwa siku mbili. Juzijuzi nimeirudia, nikiwa na miaka 36 na watoto wawili, na imenichukua wiki tatu. Si uvivu. Kila baada ya kurasa chache ilibidi nifunge kitabu, nikae kwanza.

Turudi nyuma kidogo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, aliitoa riwaya hii mwaka 1974. Alishakuwa na jina, tena jina la utata: Rosa Mistika (1971) ilikuwa imezuiwa mashuleni, na ilichukua muda kabla ya kurudi darasani kama kitabu cha kufundishia. Mwaka huohuo wa 1974 alitoa na Kichomi, akazua ugomvi mwingine kuhusu mashairi yasiyo na vina. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka saba, watu Bara wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na mwandishi alitarajiwa asaidie kujenga taifa. Yeye akamwandika Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayetusimulia mwenyewe jinsi anavyobomoka ndani, mpaka anajiua.

Nilipokuwa na miaka 17, Kazimoto alikuwa shujaa wangu. Hamuamini mtu, hadanganyiki, anaona unafiki wa kila mmoja. Nani katika umri ule asingempenda? Baadaye, chuoni, nikafundishwa neno la kumwekea: udhanaishi. Tukamlinganisha na watu wa Sartre na Camus, tukaandika insha kuhusu msomi aliyetengwa na jamii yake na maisha yasiyo na maana. Wala sisemi tulikosea. Kezilahabi alikuwa msomaji wa falsafa na alijua anachofanya.

Lakini safari hii nilisoma nikihesabu misiba. Dada yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, mkuu wa wilaya, kisha anafariki. Mama yao naye anafariki. Kazimoto anamwoa Sabina, dada wa huyohuyo Manase. Wanapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, naye pia anakufa. Hebu yaweke haya yote juu ya kijana mmoja wa jirani yako, uone kama utaanza na falsafa. Insha zetu zote za chuo hazikuuliza swali hili rahisi: je, huyu mtu alikuwa anaumwa? Na Sabina, aliyebaki nyuma? Katika usomaji wangu wa kwanza sikumbuki hata kama nilimwona.

Labda hatukuuliza kwa sababu lugha yetu wenyewe ilikuwa na maneno machache ya kuulizia. Ni mzima au ni kichaa, basi. Sheria nazo hazikusaidia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu anayejua kuwa maumivu yake yanaweza kumpeleka polisi, atamwambia nani?

Sasa niseme lililonifanya nifunge kitabu kila mara. Mwaka uleule niliosoma Kichwamaji, mtoto wa ami yangu alirudi kutoka chuo Dar. Halali, hali, hasemi. Anashinda chumbani. Wengine walisema kachezewa, wengine shetani. Mie, mjuaji wa vitabu, nikampachika jina: Kazimoto. Nilidhani namsifu. Watoto wa mtaani wakalidaka, na kwa muda mrefu kijana mgonjwa akawa hapiti barazani bila kuitwa jina la mtu aliyejiua. Aliyelileta ni mimi.

Walimpa kombe, wakampeleka kwa waganga, mwisho wakampandisha boti kwenda Unguja, kwa kuwa hospitali kubwa ya magonjwa ya akili Zanzibar iko kule, Kidongo Chekundu. Alipata dawa, akarudi. Leo ana mke, na msimu wa karafuu ukifika yumo juu ya mikarafuu kama wengine.

Nilipomaliza kitabu nilikwenda kwake.

"Kaka, nisamehe kwa lile jina."

Akacheka. "Mie kile kitabu sikupata kukisoma. Nilidhani huyo Kazimoto ni mtu mwenye akili sana."

"Alikuwa na akili sana."

"Mwisho wake ukawaje?"

Nikamwambia. Alikaa kimya, anachezea kikombe cha kahawa.

"Unajua bi mkubwa alikuwa akitandika mkeka mlangoni kwangu?" akasema. "Kila usiku, miezi minne. Nikitoka hata kwenda chooni, lazima nimruke. Nilikuwa namchukia kwa hilo."

Kisha akaniomba kitabu. Nilisita, kusema kweli. Mwishowe nikampa, nikamwambia akisome mchana, na akikaribia kurasa za mwisho anipigie simu, nije tuzimalize pamoja.