Anaupenda msitu, bado anakata miti: Saikolojia ya imani, mtazamo na tabia

Muulize mkulima wa tumbaku wilayani Kaliua, mkoani Tabora, kama msitu una faida. Atajibu haraka: unaleta mvua, unatoa dawa na uyoga, na ndiyo malisho ya nyuki wanaoipa Tabora sifa ya asali. Lakini ukifika msimu wa kukausha tumbaku, mtu huyohuyo anapakia magogo kwenye mkokoteni na kuyapeleka kwenye bani.

Je, ni mnafiki? Hapana. Saikolojia ya jamii, elimu inayochunguza jinsi watu wanavyofikiri na kutenda wakiwa kati ya wenzao, inaonyesha kwamba hali hii iko kwa karibu kila mtu. Kujua ni jambo moja, kutenda ni jingine.

Maneno matatu ya kutofautisha

Imani ni kile mtu anachokichukulia kuwa kweli, si lazima kiwe cha dini. Mfano: "Miti ikiisha, mvua itapungua."

Mtazamo ni jinsi mtu anavyolipima jambo: zuri au baya, analipenda au halipendi. Mfano: "Kukata miti hovyo ni vibaya."

Tabia ni kile anachokifanya, kinachoonekana kwa macho. Mfano: anakata, au anapanda.

Wengi hudhani vitu hivi vitatu vinafuatana kama mabehewa ya treni: badilisha imani, mtazamo utafuata, na tabia itakuja yenyewe. Mara nyingi haiwi hivyo.

Walisema hapana, wakatenda ndiyo

Mwaka 1934, mtafiti Richard LaPiere alichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Alikuwa amezunguka Marekani na mume na mke Wachina, wakati ambapo Wachina walibaguliwa sana huko. Walifika kwenye hoteli na migahawa 251, na wakakataliwa mahali pamoja tu.

Baadaye LaPiere aliziandikia barua sehemu hizo akiuliza kama zingepokea wateja Wachina. Kati ya waliojibu, zaidi ya 9 katika kila 10 walisema hapana. Walichokisema kwenye karatasi sicho walichokifanya mteja aliposimama mlangoni.

Huko, maneno yalikuwa mabaya kuliko matendo. Kwenye misitu mara nyingi ni kinyume: maneno ni mazuri, shoka linaendelea.

Kwa nini shoka linaendelea?

Mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza kwamba nia ya mtu kufanya jambo hutegemea mambo matatu. Yapime kwa mkulima wa Kaliua.

1. Mtazamo wake. Anapenda msitu, ndiyo. Lakini pia anapenda ada ya shule ya watoto ilipwe, na tumbaku ndiyo inayoleta hela. Mitazamo miwili inavutana ndani ya mtu mmoja.

2. Watu wanaomzunguka. Kilimo cha tumbaku cha biashara kilishika mizizi Urambo miaka ya 1950, baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kushindwa. Kaliua ilikuwa sehemu ya Urambo hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2012. Kuna familia ambazo baba na babu wote walikausha kwa kuni. Jirani naye anakata. "Mimi nikiacha peke yangu, itasaidia nini?"

3. Uwezo anaojiona nao. Tumbaku ya mvuke ikishachumwa haisubiri. Isipopata moto mapema, jani linaharibika, daraja linashuka na bei inashuka nalo. Mbolea alikopa kupitia chama cha msingi, na deni lazima likatwe. Kama hana bani linalotumia kuni kidogo wala shamba la miti yake, mapenzi yake kwa msitu hayakaushi jani hata moja.

Moyo na mkono vikigombana

Mtu akitenda kinyume na anachokiamini, roho haitulii. Leon Festinger alieleza hali hiyo mwaka 1957: mtu hutafuta namna ya kupunguza mgongano huo wa ndani. Kwa kuwa tabia ni ngumu kubadilisha, mara nyingi hubadilisha mawazo. Ndipo unasikia: "Msitu huu mkubwa, hauwezi kuisha." Au: "Wachoma mkaa ndio wanaomaliza." Au: "Nitapanda mwakani."

Habari njema ni kwamba njia hiyo hupitika pande zote mbili. Mkulima anayeanza na miche michache na kuitunza hadi ikue huanza kujiona kama mtunza miti. Tabia imetangulia, mtazamo unafuata.

Tahadhari kwa wanaohamasisha

Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango katika hifadhi moja ya Arizona, Marekani, ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Palipowekwa bango la kulalamika kwamba wageni wengi wameshaiba, vilichukuliwa karibu vipande 8 katika kila 100. Bango lililoomba tu watu wasichukue lilishusha wizi hadi chini ya 2 katika 100.

Funzo lake ni hili: ukisimama kwenye mkutano wa kijiji na kupiga kelele kwamba "kila mtu anakata miti", unaweza kuwa unawaambia watu kuwa kukata ndiyo kawaida. Afadhali waonyeshwe majirani waliopanda, na miti yao.

Kabla ya kumlaumu mtu

Iwe ni miti, chandarua au kofia ngumu ya bodaboda, jiulize maswali matatu. Je, anaona jambo hilo lina faida kwake? Je, watu anaowaheshimu wanalifanya? Je, ana uwezo wa kulifanya leo, kwa hela na muda alionao?

Kwa mkulima wa Kaliua, swali gumu ni la tatu. Elimu ya mazingira anayo. Kinachokosekana ni kuni za kupanda mwenyewe na bani lisilokula miti mingi, kabla jani halijaiva.