Upepo wa Tairi na Saini ya Mwenye Dhamana

Historia ya usafiri wa anga imezoea kutukuza injini na mabawa. Tairi husahaulika hadi lipasuke. Ajali ya Jeddah ya tarehe 11 Julai 1991 inatulazimisha kulitazama upya, na kuwatazama wanaoamua juu yake.

Ndege aina ya DC-8 ya kampuni ya Nationair ya Kanada, iliyokodiwa na Nigeria Airways, ilikuwa ikiwarejesha mahujaji Sokoto. Mafundi walikwisha kubaini kwamba baadhi ya matairi yalikuwa na upepo pungufu. Naitrojeni ya kuyajaza haikupatikana kwa urahisi, na msimamizi wa mradi, kwa kuhofia kuchelewa, akaamua safari iendelee. Ndege ilipokuwa ikielekea kwenye njia ya kurukia, tairi lenye upepo mdogo lilimwachia mwenzake wa ekseli moja sehemu kubwa ya mzigo. Mwenzake akapata joto, akadhoofika, akapasuka wakati ndege ikishika kasi. Tairi pungufu nalo likapasuka, likaacha kuzunguka, na msuguano ukawasha moto. Marubani, pasipo kujua, wakakunja magurudumu na kuuingiza moto huo tumboni mwa ndege. Watu wote 261 walikufa.

Ni rahisi kulilaumu tairi. Ukweli ni kwamba ujuzi ulikuwa kwa fundi, mamlaka yakawa kwa aliyeihesabu saa, na hatari ikabebwa na hujaji ambaye hakuulizwa.

Linganisha na ndege ndogo za binafsi. Sheria ya Marekani humruhusu rubani mwenye ndege yake kubadilisha tairi mwenyewe, mradi aandike kazi hiyo katika kumbukumbu za ndege na kuitia saini. Anayeona mifereji ya tairi imechakaa ndiye anayelipia jipya, na ndiye atakayeruka nalo. Simaanishi kwamba ndege ndogo ni salama zaidi. Mmiliki naye huweza kubana matumizi. Ninachosema ni kwamba hapo ujuzi, uamuzi na hatari hukaa katika kiti kimoja.

Utumishi wa umma hauwezi kuviweka vyote katika kiti kimoja. Unachoweza ni kumpa fundi haki ya kuzuia, na kumtaka anayempinga aandike jina lake. Mdharau mwiba mguu huota tende; bali katika taasisi zetu, adharauye mwiba ni mmoja, na uvimbe huota kwenye mguu wa mwingine.