Ndoo za Makaa, Ndoo za Maji

Januari 1964 yalifanyika Mapinduzi ya Unguja. Julai mwaka huohuo, Ujerumani Mashariki iliweka jiwe la msingi la mji mpya ng'ambo ya mto Saale, kuelekeana na mji wa kale wa Halle. Mji huo ni Halle-Neustadt, na ndipo nilipohamia baada ya kustaafu ili niwe karibu na binti yangu muuguzi. Mimi ni fundi bomba. Miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia kwenye majumba ya Michenzani, mjini Zanzibar, kwa hiyo nilipokabidhiwa funguo za flati huku, macho hayakwenda dirishani. Yalikwenda chini ya sinki.

Majumba ya huku na ya kwetu yana undugu. Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, nayo Ujerumani hiyo ikaleta wahandisi waliojenga maflati ya Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 mchoraji wao, Hubert Scholz, aliandaa ramani mpya ya mji. Rais wa Zanzibar, Mzee Karume, alitaka Ng'ambo, eneo la mji lenye nyumba za udongo, ibadilike, na wenye nyumba zilizobomolewa wapewe flati. Aliuawa Aprili 1972 kazi haijakwisha, mrithi wake Aboud Jumbe akaiendeleza. Majumba ya Michenzani yakafika 10, kila moja lina urefu wa karibu mita 300, yamejipanga kandokando ya njia panda kama treni.

Huku Neustadt mchoraji mkuu alikuwa Richard Paulick, na wapangaji walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya kemikali vya Buna na Leuna. Jumba refu kupita yote, Block 10, lina ghorofa 11 na urefu wa mita 380. Barabara hazikupewa majina. Anwani zilikuwa namba tupu, na mgeni alipotea kweupe.

Jirani yangu wa mlango wa pili, bibi aliyestaafu Buna, ndiye aliyenifumbua macho. Nilimsaidia kutoa hewa kwenye hita yake ya ukutani, akanikaribisha kahawa, binti yangu akatafsiri. Kabla ya kuja hapa aliishi Halle ya zamani, choo kipo kwenye ngazi, kinatumiwa na majirani, na kila asubuhi ya baridi anashuka chini ya nyumba kuchota makaa ya mawe, anapanda nayo kwa ndoo. Flati ya Neustadt ilikuwa na bafu ndani, maji ya moto mferejini, na joto lililokuja kwa bomba kutoka mbali. Anasema siku aliyohamia aliiacha ndoo yake kulekule.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Katika nyumba za udongo za Ng'ambo mama alichota maji kwenye mfereji wa mtaa akatembea tambarare. Alipohamia Michenzani alipata ukuta wa saruji, choo cha kuvuta na umeme. Lakini maji yakiishiwa nguvu hayakufika ghorofa za juu, na ndoo ileile sasa ilipanda ngazi. Kazi yangu kubwa haikuwa kuziba mabomba yanayovuja. Nilifunga matangi, nikaunga vipampu vya kunyonya maji, na kila kipampu nilichomfungia mtu wa chini kilimkausha wa juu. Mwaka 2008, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima, pampu za mji zilisimama, na vijana wa kuuza maji kwa madumu walipata kazi.

Tofauti ilikuwa kwenye vile visivyoonekana. Halle-Neustadt ilipewa kiwanda cha joto, pampu na mafundi wa kuzitunza, hata ikapita kiasi: hita nyingi hazikuwa na mita wala vali ya kupunguza, na nyumba ikizidi joto watu walifungua madirisha huku theluji inaanguka. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990 zikafungwa mita, na kodi zikapanda. Viwanda vilipopunguza watu, wapangaji walihama kwa maelfu, na baadhi ya majumba yakabomolewa. Michenzani haikupata kuhamwa. Maji nayo yalikuwa bure tangu Mapinduzi, hadi mamlaka ya maji, ZAWA, ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuanza kutoza. Wateja wangu wa ghorofa za juu walinung'unika: tulipie hewa?

Wanaoandika juu ya Michenzani hutaja wachoraji, marais na urefu wa majumba. Hayo ni kweli, lakini ni hesabu ya ukuta. Jumba la ghorofa ni mashine, na mashine lazima mtu aiendeshe. Huku iliendeshwa kwa makaa na bajeti ya serikali. Kwetu, pale pampu ilipokosekana, iliendeshwa kwa migongo ya kina mama. Kama majumba yale yamesimama hadi leo na watu ndani, ni kwa sababu wao walilipa sehemu ambayo haikuchorwa kwenye ramani. Atakayeiandika tena historia hiyo aanzie kwenye ngazi, awaulize waliopanda na ndoo.