Walipiga Hodi, Wakafungiwa Milango

Leo twataka kukumbuka jinsi mataifa yalivyowajibu Wayahudi walipodhulumiwa na serikali ya Ujerumani.

Hitler alishika utawala mwaka 1933. Upesi Wayahudi wakafukuzwa katika kazi za serikali. Mwaka 1935 sheria za Nuremberg ziliwanyima uraia, zikawakataza kuoana na Wajerumani wengine. Wengi wakataka kukimbia. Lakini wakimbilie wapi?

Mwezi wa Julai 1938, kwa mwito wa Rais Roosevelt wa Marekani, wajumbe wa nchi 32 walikusanyika Évian, mji wa Ufaransa ulio kando ya ziwa. Walikaa siku kumi. Karibu kila mjumbe alisema kwamba awahurumia wakimbizi. Kisha akaeleza kwa nini nchi yake haiwezi kuwapokea wengi: kazi ni haba, wageni wametosha. Jamhuri ya Dominika peke yake ilitaja hesabu kubwa, hata watu 100,000. Mwishowe waliofika huko walikuwa mamia tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba mwaka uleule, masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto, maduka yakavunjwa, na wanaume karibu 30,000 wakapelekwa kambini. Hapo ulimwengu ulishtuka. Roosevelt alimwita balozi wake arudi nyumbani. Uingereza ilifungulia watoto mlango, wakaingia kama 10,000. Wazazi walibaki nyuma, na wengi hawakuwaona watoto wao tena.

Mwezi wa Mei 1939 meli iitwayo St. Louis ilitoka Hamburg kwenda Cuba, ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Walikuwa na vyeti mkononi, lakini Cuba ilikubali wasiofika 30 washuke. Meli ikapita karibu na Florida, hata abiria wakaziona taa za Miami. Marekani nayo ikakataa. Meli ikageuka kurudi Ulaya. Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Ubelgiji wakagawana watu wale. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia katika nchi hizo, isipokuwa Uingereza. Abiria 254 walikufa katika mauaji yale makubwa.

Tusikosee: wenye kuua walikuwa Hitler na watumishi wake. Wajumbe wa Évian hawakumwua mtu. Tena hawakusema uongo wote, maana kazi zilikuwa haba kweli. Lakini huruma ya mdomo haifungui mlango, na mwenye kukimbia kifo hawezi kungoja mpaka mwenye nyumba apate nafasi.

Nasi tujiulize. Aliyekimbia vita akipiga hodi kwetu jioni, je, twamkaribisha ndani, au twamwambia “pole” kisha twafunga mlango?